Transiva ya mita 40 kwa mikono yako: kutoka bati la debe hadi hewani, hapa Mwanza

Transiva, yaani redio inayotuma na kupokea, ninayoieleza hapa ina transista tano, IC moja ya sauti na kristali moja ya kushikilia masafa. Inatuma Morse tu, kwenye megahezi 7.030 (mawimbi ya urefu wa mita 40 hivi), kwa nguvu ya wati moja hivi, na inaendeshwa na betri ya pikipiki ya volti 12. Nimeijenga mara tatu nyumbani, Kitangiri. Ya kwanza iliungua, ya pili ilisumbua jirani, ya tatu ndiyo ipo mezani mpaka leo. Karibu kila kosa nililofanya lilitokana na haraka: nililehemu kila kitu, nikawasha, nikakuta kimya, nikakosa pa kuanzia kutafuta. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja. Kila kipande kikikamilika kipimwe palepale, na kikikataa kujibu, usisogee mbele.

Leseni, na kwa nini mita 40

Kutuma mawimbi kunahitaji leseni, na anayeitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Alama za wito za nchi yetu huanza na 5H. Peleka maombi mapema, na wakati unasubiri jenga upande wa kupokea na ujifunze Morse kwa masikio. Nimeupanga mwongozo kwa mtiririko huohuo: kusikia kwanza, kutuma baadaye. Tanzania ipo Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ambako mita 40 ni megahezi 7.000 hadi 7.200. Kilohezi 40 za mwanzo ni za Morse, na 7.030 ndipo wanapokutana watu wanaotuma kwa nguvu ndogo.

Utajiuliza kwa nini tusiende mita 80, wakati kristali ya megahezi 3.579 inapatikana ndani ya simu nyingi za mezani za zamani, zile za kubonyeza. Sababu ni radi za ziwani. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kwenda ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto, unapanda na kujenga mawingu ya radi. Mita 80 inafanya kazi vizuri usiku, saa zilezile ambazo ziwa linawaka. Nimekaa na hedifoni masaa mawili nikisikia mipasuko tu. Mita 40 nayo inazisikia radi, lakini inakupa asubuhi, ziwa likishatulia, na jioni, kabla halijaamka.

Vitu vya kukusanya

Bodi yetu ni bati la debe la mafuta ya kupikia. Kata kipande cha sentimita 12 kwa 20, piga tupa kingo zote ili zisikukate, kwangua rangi. Bati la debe lina utando wa stani, kwa hiyo lehemu inashika vizuri, mradi chuma chako cha kulehemu kiwe na nguvu ya kutosha. Cha wati 25 kitahangaika, cha wati 60 kitafanya kazi kwa raha. Usijaribu na sufuria ya aluminiamu. Bati hilo zima ndilo hasi ya saketi. Kila mguu wa kifaa unaokwenda hasi unalehemiwa juu yake moja kwa moja, na miguu mingine inakutana juu ya visiwa: vipande vidogo vya bodi ya shaba, milimita 5 kwa 5, vilivyobandikwa kwa supaglu. Mtindo huu unaitwa Manhattan. Unaonekana wa kienyeji, lakini kwa mawimbi ya redio ni bora kuliko bodi nyingi za kuchapwa, kwa sababu hasi ipo karibu na kila kifaa.

Nyaya za shaba zenye vanishi, unene wa nusu milimita, utapata kwa mafundi wanaofunga mota. Mabaki yao ni mengi. Kwenye redio mbovu ya FM ng'oa vile vijumba viwili vya chuma vyenye skrubu ya rangi juu, koili za megahezi 10.7. Kwenye redio kaseti ng'oa ile swichi ndefu ya kurekodia, ina vyumba vingi na tutaihitaji yote. Taa za enaji seva zilizokufa zina pete ndogo ya feraiti. Kusanya tatu au nne. Ampulifaya mbovu itakupa BD139, transista yetu ya mwisho, na huenda 7809, kishusha volti hadi 9. LM386, ile IC ya sauti, huuzwa peke yake. Kitu ambacho mimi nililazimika kuagiza ni kristali ya 7.030.

Usidharau mabaki haya. Ashhar Farhan wa India alipochora transiva yake ya BITX20, koili zake alizizungusha juu ya washa za plastiki za mabomba ya maji, makusudi, ili mtu asikwame kwa kukosa pete za kuagiza. Na mwaka 1976 Doug DeMaw wa Marekani alichapisha transmita ya transista mbili iliyojengwa juu ya kopo la samaki, nguvu chini ya nusu wati, na mpaka leo kuna watu wanaijenga.

Onyo moja kuhusu transista, maana limenipotezea siku nzima. Ukiishika transista ndogo uso bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, 2N3904 na S8050 zinasomeka kutoka kushoto emita, besi, kolekta. C945 na C1815 zinasomeka emita, kolekta, besi. BC547 ni kinyume kabisa: kolekta, besi, emita. Zote zinafanana kwa sura, na zote zitafaa kwenye kazi hii. Pima kwa multimita upande wa diodi kabla ya kulehemu, hata kama una uhakika.

Hatua ya 1: umeme

Hii ni fupi. Kutoka kwenye betri weka fyuzi ya ampea moja, kisha diodi 1N4007 kutoka chanya kwenda hasi, mstari wake ukielekea chanya. Ukigeuza waya za betri kwa bahati mbaya, diodi itakata fyuzi na transista zako zitapona. Halafu 7809, na kapasita ya nanofaradi 100 kila upande wake. Volti 9 ni za osileta (saketi inayozalisha mawimbi) na sauti, volti 12 kamili ni za upande wa kutuma. Pima volti 9 zipo. Endelea.

Hatua ya 2: osileta

Chukua 2N3904 au C1815. Kolekta inakwenda volti 9 moja kwa moja, na hapohapo nanofaradi 100 kwenda hasi, miguu mifupi. Besi inapata rezista mbili za 47k, moja kutoka volti 9, nyingine kwenda hasi. Pikofaradi 100 kati ya besi na emita, pikofaradi 100 nyingine kati ya emita na hasi, na rezista ya 1k kutoka emita kwenda hasi. Kristali inatoka besi kwenda kwenye kapasita ya kurekebishia kwa bisibisi, ile ya pikofaradi 5 hadi 60, na kapasita hiyo inakwenda hasi. Ukiizungusha, masafa yanahama kilohezi moja au mbili.

Osileta haitakiwi kubebeshwa mzigo, la sivyo masafa yatayumba kila ukibonyeza ufunguo wa Morse. Kwa hiyo transista ya pili ni bafa, inayoubeba mzigo badala yake. Besi yake inapokea kutoka emita ya kwanza kupitia pikofaradi 47, ina rezista mbili za 10k kama za mwenzake, kolekta ipo volti 9, emita ina rezista ya omu 220. Mawimbi yanatoka kwenye emita hiyo kupitia nanofaradi 100. Itapata joto kidogo, ni kawaida.

Kupima: washa redio ndogo ya mawimbi mafupi, iweke karibu na 7.03. Osileta ikifanya kazi, mchakacho wa redio unanyamaza ghafla, kama mtu amefunga mlango. Gusa kristali kwa kidole, ukimya unahama. Kama hakuna kitu, pima volti ya emita ya osileta. Ikiwa iko karibu na 3 hadi 4, transista iko hai na tatizo ni kristali au kapasita. Ikiwa sifuri, umegeuza miguu.

Hatua ya 3: kusikia

Kipokezi chetu ni cha kubadilisha moja kwa moja: mawimbi ya antena yanakutana na mawimbi ya osileta, na tofauti yake ni sauti. Kama mtu anatuma kwenye 7.0307 na osileta yako ipo 7.030, unasikia mluzi wa hezi 700.

Mahali pa kukutana ni diodi mbili za 1N4148 na pete moja ya feraiti. Sokota nyuzi tatu za nusu mita kila moja, taratibu, misokoto kama miwili kwa sentimita, kisha pitisha kamba hiyo ndani ya pete mara 10. Vanishi ikwangue vizuri kwa wembe, na tumia multimita kujua ncha ipi ni ya uzi upi. Uzi wa kwanza unapokea kutoka kwenye bafa, ncha ya pili hasi. Mwisho wa uzi wa pili uunge na mwanzo wa uzi wa tatu, muungano huo uende hasi. Zimebaki ncha mbili. Diodi moja inatoka kwenye ncha moja, nyingine inaingia kwenye ncha ya pili, na upande wa pili zinakutana kwenye kisiwa kimoja. Yaani mstari wa diodi moja uko kisiwani, mstari wa nyingine uko kwenye pete. Ukiziweka zote mwelekeo mmoja hutasikia chochote. Pima diodi kumi kwa multimita uchague mbili zenye namba zinazolingana. Kadiri zinavyolingana ndivyo stesheni za utangazaji za juu ya 7.2 zinavyopungua kuvuja.

Kutoka antena, mawimbi yanapita kwanza kwenye potenshometa ya 1k, kisha kwenye vijumba viwili vya 10.7. Antena inaingia kwenye koili ndogo ya kijumba cha kwanza, vichwa vya koili kubwa viunganishwe kwa pikofaradi 4.7, na koili ndogo ya kijumba cha pili ipeleke kwenye kisiwa cha diodi kupitia nanofaradi 4.7. Usisahau hiyo nanofaradi 4.7, bila hiyo koili itameza sauti yote. Ili vijumba vishuke kutoka 10.7 hadi 7, sambamba na kila koili kubwa ongeza kapasita, jaribu kati ya pikofaradi 68 na 120.

Sauti inatoka kwenye kisiwa hichohicho kupitia choki (koili ya kuzuia mawimbi ya redio) ya mikrohenri 100, nanofaradi 100 kwenda hasi, halafu mikrofaradi 1 hadi besi ya BC547. Kolekta yake rezista ya 4.7k, na 470k kutoka kolekta kwenda besi, emita hasi. Kisha kidhibiti sauti cha 10k, kisha LM386: mguu wa 3 unapokea, wa 2 na wa 4 hasi, wa 6 volti 9, mikrofaradi 10 kati ya 1 na 8 (chanya kwenye 1), na mguu wa 5 unatoa kupitia mikrofaradi 220 hadi hedifoni. BC547 usiilishe moja kwa moja. Pitisha volti 9 kwenye rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 kwanza, la sivyo redio itaanza kunguruma put-put-put kama injini ya mtumbwi.

Sasa chomeka waya wowote wa mita kumi kama antena, jioni, saa kumi na mbili hivi. Zima taa zote za LED na chomoa chaja za simu, maana hizo ndizo adui mkubwa wa kipokezi hiki. Hata chaja kontrola ya sola inapiga kelele. Chukua kijiti cha plastiki kilichochongwa kama bisibisi, usitumie chuma, na uzungushe skrubu ya kijumba cha kwanza robo kwa robo. Kuna mahali mvumo unapanda, mnene, kama mvua inayokaribia bati la nyumba ya jirani. Hapo simama, nenda kijumba cha pili, rudi cha kwanza. Mvumo ukiongezeka unapochomeka antena na kupungua unapoitoa, kipokezi chako kinasikia ulimwengu, si kelele zake chenyewe. Mimi siku hiyo nilikaa mpaka mluzi mwembamba wa Morse ulipojitokeza kwenye ule mvumo, nikaandika herufi nne tu kabla haujazama. Hicho kikaratasi bado ninacho.

Kaa na kipokezi hiki wiki kadhaa. Usikimbilie kutuma.

Hatua ya 4: antena juu ya mawe

Mwanza tuna neema ya vilima na tatizo la mawe. Graniti ni kipitishi duni, kwa hiyo antena ya wima inayotegemea ardhi itakusikitisha. Weka daipoli, antena ya mikono miwili ya waya. Nusu ya wimbi kwa 7.03 ni kama mita 20.3, yaani mita 10.15 kila mkono. Kata mita 10.5 kwanza, kwa sababu waya wa nyumba wenye plastiki unahitaji kufupishwa kidogo na kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Katikati inue kwenye mwembe au mlingoti wa mianzi, mita 6 hadi 8, mikono ishuke pande mbili kama paa, ncha zifungwe kwa kamba ya nailoni kwenye mawe. Kamba ya kurusha juu ya mti ni mshipi wa kuvulia na chubwi yake. Maduka ya zana za uvuvi yanavyo vyote. Usirushe chochote mahali ambapo mshipi au waya ukikatika unaweza kuangukia nyaya za umeme.

Antena ya kimo hicho inapeleka mawimbi karibu wima, yanagonga anga na kurudi chini. Ndiyo inayofaa kwa Bukoba, Musoma, Kampala, Kigali na Nairobi, wote ndani ya kilomita 500 kutoka hapa.

Waya wa kushusha ni ule wa televisheni wa omu 75. Unafaa kabisa. Ila wavu wake kwa kawaida ni wa aluminiamu, lehemu haishiki. Bana kwa skrubu na washa, kisha funga kwa mpira wa tyubu maji yasiingie. Radi zikianza, chomoa antena uitupe nje ya dirisha. Usingoje zikaribie.

Hatua ya 5: chujio, kabla ya nguvu

Wengi wanajenga transista ya mwisho kwanza, wanafurahia wati, halafu chujio wanaliweka wakikumbuka. Ninakuomba ufanye kinyume. Transista inayotuma kwenye 7.030 inatoa pia 14.060 na 21.090, na 14.060 ndipo wenzetu wa nguvu ndogo wanapokutana kwenye mita 20. Uchafu wako ni kelele masikioni mwa mtu ambaye hajakukosea.

Chujio lina kapasita nne na koili tatu. Kutoka upande wa transista: pikofaradi 270 kwenda hasi, koili, pikofaradi 680 kwenda hasi, koili, 680 tena, koili, 270, antena. Koili za pembeni ni mikrohenri 1.4, ya katikati 1.7. Kama una pete za njano za T37-6, ni mizunguko 21, 24, 21. Kama huna, zungusha hewani: chukua biti ya drili ya milimita 9.5, zungushia waya wa nusu milimita ukibana mzunguko kwa mzunguko, 13 kwa koili za pembeni na 15 kwa ya katikati, kisha chomoa biti. Shikilia waya umekaza muda wote. Ukilegeza kidole kimoja koili inafunguka kama majani ya mkeka. Ikishatoka, ipake vanishi au gundi nyepesi isitikisike.

Koili za hewa husemezana. Ya kwanza ilale, ya pili isimame, ya tatu ilale lakini kwa mwelekeo mwingine, na kati yake simamisha kipande cha bati kilicholehemiwa chini. Kapasita ziwe za NP0, zile zenye alama nyeusi kichwani; za kawaida zinapata joto na kubadilika thamani. Mawimbi yanayoingia kwenye kipokezi nayo yapitie hapa, hivyo chujio linakaa karibu na soketi ya antena daima.

Hatua ya 6: draiva na transista ya mwisho

Kwanza tengeneza antena bandia: rezista mbili za omu 100, wati 2 kila moja, sambamba. Ziwe za kaboni au za filamu, si za waya wa kuzungushwa. Juu yake weka 1N4148 na nanofaradi 10, upime volti za DC. Wati moja kwenye omu 50 ni kilele cha volti 10, kwa hiyo multimita itasoma kama 9.4.

Draiva, transista inayoisukuma ile ya mwisho, ni S8050. Inapokea kutoka kwenye bafa kupitia nanofaradi 10. Besi ina 10k kutoka volti 12 na 2.2k kwenda hasi. Emita ina omu 47, na mguu wa chini wa rezista hiyo ndio unaokwenda kwenye ufunguo wa Morse, ufunguo unaishia hasi. Emita pia ina omu 10 na nanofaradi 10 mfululizo kwenda hasi. Kolekta inapata volti 12 kupitia mizunguko 10 kwenye pete ya feraiti, na juu yake mizunguko 4 inayopeleka kwenye besi ya BD139. Besi hiyo ina omu 47 kwenda hasi, emita hasi, kolekta inapata volti 12 kupitia mizunguko 10 kwenye pete nyingine, na inatoa kupitia nanofaradi 100 kwenda kwenye chujio. Pale volti 12 zinapoingia weka nanofaradi 100 na mikrofaradi 100.

Mgongo wa BD139 ni kolekta. Ukiifunga kwa skrubu kwenye bati bila karatasi ya maika umepiga shoti. Transiva yangu ya kwanza ilikuwa na S8050 hapo mwisho. Ncha ya antena ilikatika kwa upepo wakati ninatuma, volti za kolekta zikapanda kuliko transista hiyo inavyovumilia, nikanusa moshi kabla ya kuelewa. BD139 inavumilia volti 80.

Bonyeza ufunguo sekunde mbili tu kwenye antena bandia. Ukisoma volti 8 au 9 umefika. Ukisoma 3, vuta kidogo mizunguko ya koili ya katikati ya chujio kwa kijiti, uone kama inapanda. Betri itoe kati ya miliampea 150 na 250. Ikila zaidi ya hapo bila nguvu kutoka, transista inajiimbia yenyewe, yaani inajizalishia mawimbi yake. Fupisha nyaya na ongeza nanofaradi 100 karibu na draiva.

Hatua ya 7: swichi

Ile swichi ya kurekodia safishe kwa spiriti. Chumba cha ncha moja kihamishe chujio, ambalo lina antena upande wa pili, kati ya kipokezi na mdomo wa BD139. Cha ncha ya pili kiwashe volti 12 za kutuma. Vya katikati: kimoja kikate umeme wa BC547 ukiwa unatuma, kingine kiongeze kapasita ndogo sambamba na ile ya kristali ukiwa unapokea, ili osileta ishuke hezi 700. Bila hicho cha mwisho utamjibu mtu kando ya alipo, na yeye hatakusikia. Antena na umeme vikae ncha tofauti za swichi, zisigusane kimawimbi.

Sanduku liwe la bati, matundu yote yafunikwe kwa wavu wa neti. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wanafuata taa, wanaingia kila mahali, na ndani ya swichi wanaacha uchafu unaokata sauti.

Hewani, na marekebisho yaliyofuata

Sikiliza kwanza dakika kumi. Uliza kama masafa yana mtu, kisha ita CQ, wito kwa yeyote anayesikia, mara mbili tatu ukitaja alama yako. Kuna vipokezi vya watu duniani ambavyo unaweza kuvisikiliza kwa intaneti kupitia simu. Fungua kimoja cha jirani, ujisikie mwenyewe kama sauti yako ni safi au inayumba. Ikiyumba, osileta inavutwa na bafa: punguza pikofaradi 47 iwe 22.

Transiva ya pili ilikuwa ikipiga tik-tik kwenye spika ya mama jirani kila nikituma. Alinijia kwa upole, na alikuwa na haki. Chujio langu lilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mkono wa antena uliopita mita mbili juu ya paa lake na waya mrefu wa spika unaopokea kila kitu. Nilihamisha mkono wa antena kuelekea mawe ya upande wa pili, nikazungusha waya wa spika mara tano kwenye pete kubwa ya feraiti. Kimya kikarudi.

Baada ya hapo nimeongeza vitu viwili. Cha kwanza ni bazza ya volti 12, ili nijisikie ninapobonyeza. Chanya yake ipo kwenye volti 12 za kutuma. Hasi yake inaingia kwenye ufunguo kupitia 1N4148, na rezista ya emita ya draiva nayo inaingia kwenye ufunguo kupitia 1N4148 yake, mistari yote ikielekea ufunguo. Bila diodi ya pili volti za bazza zitaharibu draiva. Rezista ya emita nikaishusha kutoka omu 47 hadi 22 kufidia diodi.

Cha pili ni kristali mbili za 7.030 sambamba badala ya moja, na choki ya mikrohenri 10 mfululizo nazo kabla ya kapasita ya kuzungusha iliyotoka redio ya zamani. Sasa ninahama kilohezi kadhaa badala ya kubanwa sehemu moja. Ukiongeza choki zaidi ya hapo masafa yanaanza kuteleza, kristali inaacha kuongoza. Jaribu kwa hatua ndogo, ukiisikiliza osileta kwenye ile redio ya mawimbi mafupi kwa nusu saa nzima kabla ya kuamini.